Makoti ya kiume ya "kesho" yanabanduka ndani kabla hayajachakaa nje: wa kulaumiwa nani?

#1 Mkasi_Mkali
Wakuu, salaam.

Nina koti la kiume mezani, la aina hii inayouzwa kwa sifa za mavazi ya kesho. Ni nailoni ya kijivu, lina hudi ya kamba na zipu ya kuzuia maji, na mishono yote imefunikwa mkanda kwa ndani. Jina la kampuni naliweka pembeni. Limetoka kwenye belo na nje halina hata mkwaruzo.

Msiba uko ndani. Utando wa PU (poliurethani, plastiki laini inayozuia maji) unatoka kama gamba la nyoka. Kola na pindo za mikono zimeisha kabisa, mabegani kuna mabaka ya ukubwa wa sarafu ya mia mbili, mkanda wa kwapani umeinuka kama sentimita 7. Lakini ukiufunua mfuko wa kifua, utando ulio nyuma yake ni mzima na laini. Na koti zima linanuka uchachu.

Dai langu: wabunifu wa nguo za kiume wamehamisha ustadi kutoka kwenye mkasi kwenda kwenye ndoo ya kemikali, na kemikali ina tarehe ya kufa. Suti ya sufu ya mwaka 1965 inavalika leo. Koti la kesho la mwaka 2012 halijafika kesho yenyewe.

Ni nini kinaliua, na fundi afanye nini?

#2 Kanzu_na_Kote
Jasho, mkuu, wala usiende mbali. Tazama ramani uliyoichora mwenyewe: kola, mikono, kwapa, yaani pale ngozi inapogusa. Nyuma ya mfuko ngozi haigusi, ndiyo maana pamepona. Mafuta ya shingo yanaingia kwenye PU, yanailainisha, msuguano unamalizia. Koti la namna hii halifuliwi kwa sababu mwenye nalo kaambiwa sabuni italiharibu. Kutokufua ndiko kunakoliharibu.

#3 Kemia_ya_Nguo
Jasho limechangia, ila si muuaji. Muuaji ni maji.

PU inayopakwa kwenye vitambaa iko ya jamii kadhaa. Ya esta ni rahisi, laini, inashika vizuri kwenye kitambaa, ila unyevu unakata minyororo yake kidogo kidogo. Ya etha inavumilia unyevu lakini haipendi jua. Ya kaboneti inavumilia vyote viwili na bei yake inajulikana. Ya esta ikianza kukatika inazaa asidi, na asidi hiyo inaharakisha mkato unaofuata. Ndiyo maana koti linaweza kukaa miaka kadhaa bila dalili, halafu likaisha kwa msimu mmoja. Uchachu unaousikia ni matokeo ya kuoza huko.

Jambo la pili watu hulikataa mpaka walione: haihitaji kuvaliwa. Koti jipya lenye lebo yake, likikaa kabatini Tanga au Mombasa kwenye unyevu ule, litaoza likiwa halijatoka hata siku moja. Kuna nguo za Japani zenye lebo inayomwonya mnunuzi kabisa kwamba PU huanza kuzeeka siku ilipotengenezwa, wala si siku ulipoinunua.

#4 BeloLaKwanza
Kemia, teoria nzuri, lakini sisi tunaofungua mabelo tunaona kitu kingine. Angalia mikunjo. Belo linakandamizwa kwa mashine mpaka linakuwa kama tofali, linakaa wiki kadhaa ndani ya kontena la chuma linalopikwa na jua. PU ikigusana na PU kwenye joto na mgandamizo inashikana. Ukilivuta koti kulifungua, upande mmoja unaondoka na ngozi ya mwenzake. Makoti yaliyokuwa juu ya belo na ya katikati hayafanani, hata yakiwa ya mwaka mmoja.

Mkasi, mabaka ya mabegani yana kingo zilizonyooka au yamezunguka ovyo? Ya mkunjo huwa yamenyooka.

#5 Sindano_Tisa
Kwa hiyo koti la kesho limeuawa na jasho la jana, maji ya leo na kontena la keshokutwa. Endeleeni, nimekaa na kahawa.

#6 MzeeWaPateni
Vijana, mnaulilia utando wakati kosa ni la muundo. Mkasi hakusema ni tabaka ngapi, nitakisia: mbili na nusu. Yaani kitambaa cha nje, utando, halafu chapa nyembamba ya vidoti badala ya kitambaa cha ndani. Wanafanya hivyo koti liwe jepesi na likunjike kama leso. Lakini utando unabaki uchi, kila mkono unapopita unausugua. Kwenye tabaka tatu kuna wavu mwembamba umegandishwa ndani, na wavu ndio unaopokea msuguano.

Ndiyo maana nyuma ya mfuko pamepona. Mfuko wenyewe ni kitambaa, umefanya kazi ya tabaka la tatu. Hiyo si kemia, ni pateni, yaani kiolezo cha kukatia nguo. Mabegani nako mikanda ya begi la mgongoni imesaga.

#7 Kemia_ya_Nguo
Mzee, heshima yako. Ila msuguano unaonyesha tu pale palipokwisha kuoza. Utando mzima hausagiki kwa mkono unaopita. Mkasi, fanya vipimo hivi tuache kubahatisha:

Selotepu. Bandika nyuma ya mfuko pale palipo pazima, sugua kwa kucha, ng'oa kwa mkupuo. Ikitoka safi, utando una nguvu. Ikitoka na ngozi, umeoza hata kama macho yanaona pazima.

Kukunja. Kunja ndani kwa ndani, weka kitabu kizito, lala. Asubuhi ukisikia unanata unapofungua, ni maji yamekata.

Kikombe. Funga kitambaa mdomoni mwa kikombe kwa mpira, upande wa nje ukiwa juu, kilegee katikati kama bakuli. Mimina maji kimo cha vidole viwili. Subiri nusu saa. Chini pakilowa, hapo huna koti la mvua, una koti la upepo.

#8 DadaBobini
Mkanda wa kwapani unarekebishika peke yake, usisubiri kesi iishe. Hatua:

Vuta sehemu iliyoinuka tu, usiing'oe iliyoshika. Futa gundi ya zamani kwa spiriti safi na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kisichukue rangi, acha pakauke kabisa. Kata mkanda mpya wa kugandisha kwa joto, upana wa milimita 20 hadi 22, uzidi ufa kwa sentimita 2 kila upande. Kata pembe za mkanda ziwe za mviringo, pembe kali ndiyo ya kwanza kuinuka. Uweke katikati ya mshono. Juu yake weka karatasi ya kuokea, halafu pasi isiyo na mvuke, joto la chini kuelekea la kati. Kandamiza, usisugue, sekunde 10, hamia mbele.

Sasa pale wengi wanapokosea: wanainua karatasi ikiwa ya moto, gundi bado laini, mkanda unafuata karatasi. Weka kitu cha baridi na kizito juu, hata chupa ya maji, mpaka papoe kabisa. Ndipo ufunue.

Kama utando wa chini unabanduka, mkanda mpya utashika utando na utando utaachia kitambaa. Umebandika plasta kwenye rangi ya ukuta inayotoka.

#9 Kanzu_na_Kote
Dada, ongeza hapo: pasi ya "pamba" ni kama digrii 200, na ziko nailoni zinazoyeyuka 220 hivi. Kabla ya kuyeyuka inang'aa, na mng'ao huo hautoki. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

#10 Mgeni_wa_Ravarino
Dai la Mkasi kwamba kemikali ina tarehe ya kufa lina tundu. Stone Island, kampuni ya makoti ya kiume, ilianzishwa kwa kemikali. Mwaka 1989 walipoanza na lile koti la kubadilika rangi kwa baridi...

#11 Sindano_Tisa
1982, mkuu. Hilo la kubadilika rangi ni Ice Jacket, lilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 80. Umeruka miaka saba kama zipu iliyokosa jino.

#12 Mgeni_wa_Ravarino
Nimekubali. 1982, Ravarino, Italia. Massimo Osti, mtu wa michoro ya matangazo kutoka Bologna, alichukua wazo la turubai la lori. Kitambaa kizito, utomvu wenye rangi pande zote mbili, rangi tofauti kila upande, halafu kikafuliwa pamoja na mawe mpaka ugumu ukavunjika. Wakakiita Tela Stella. Yale makoti ya mwanzo bado yanagombewa na wakusanyaji. Kemikali ile, miaka zaidi ya 40, haijafa. Kwa hiyo tofauti si kemikali dhidi ya mshono. Utomvu wa turubai ulipakwa mnene na haukuahidi kupumua. PU ya koti la Mkasi imepakwa nyembamba ili mvuke wa mwili utoke. Ahadi ya kupumua ndiyo iliyoleta utando dhaifu.

Ice Jacket ndiyo mfano unaomsaidia Mkasi. Rangi inayohisi joto imo ndani ya vidonge vidogo mno vilivyopakwa juu ya kitambaa. Pasi au maji ya moto vikivipasua, rangi inaganda ilipo na mchezo umeisha.

#13 Rangi_Baada
Hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa: koti hilo lilitiwa rangi lini? Yako makoti ya kundi hili yanayoshonwa yakiwa meupe, halafu koti zima, zipu na yote, linaingia kwenye pipa la rangi. Nailoni inataka rangi za asidi, maji yanakaribia kuchemka, karibu saa nzima. Kemia ametuambia PU ya esta inaogopa maji na asidi. Basi koti hili lilichemshwa ndani ya vyote viwili siku lilipozaliwa. Jasho na kontena mnavisingizia bure.

Namna ya kutambua: geuza mshono, fungua mkunjo wa ndani uliobana. Kama ndani ya mkunjo rangi ni hafifu kuliko nje, limetiwa rangi baada ya kushonwa, kwa sababu rangi haikuweza kuingia. Na uzi ukiwa wa poliesta utakuwa umebaki mweupe au umepauka, poliesta haishiki rangi ya asidi.

Kwa fundi anayetaka kujaribu njia hii kwenye pamba: kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kipitishe kwenye joto lile lile la rangi, kausha, pima. Kikiwa 48, kimerudi asilimia 4. Ongeza asilimia 4 kwenye pateni.

#14 MzeeWaPateni
Hapana, hapo ndipo vijana wanapoharibu. Usiongeze, gawanya. Mkono unautaka sentimita 64 na kitambaa kinarudi asilimia 4: 64 gawanya kwa 0.96 ni 66.7. Ukiongeza asilimia 4 unapata 66.6, utasema hakuna tofauti. Sasa chukua pamba nzito inayorudi asilimia 12. Kwa kuongeza unapata 71.7, ikirudi inakuwa 63.1. Kwa kugawanya unapata 72.7, ikirudi ni 64 kamili. Karibu sentimita nzima imepotea mkononi.

Na pima urefu na upana wa kitambaa mbali mbali, haviwezi kurudi sawa. Kola na mikono ikikatwa upande tofauti wa kitambaa, kila kimoja kitarudi kwa njia yake na koti litavuta.

#15 DadaBobini
Na zipu. Kitambaa cha zipu za kawaida ni poliesta. Kwenye rangi ya pamba itabaki nyeupe kama meno. Tafuta yenye utepe wa pamba, au ukubali utofauti na useme ni mtindo. Nusu ya "mitindo" imezaliwa hivyo.

#16 Mkasi_Mkali
Nashukuru wote. Majibu ya vipimo:

Mzee umekisia sawa, ni tabaka mbili na nusu, vidoti vya kijivu. Mabaka ya mabegani, kwa BeloLaKwanza: mawili yana ukingo mmoja ulionyooka, mengine yamezunguka. Selotepu nyuma ya mfuko imetoka na vumbi jeupe kidogo, si ngozi. Kukunja: pindo la mkono limenata mpaka lilisikika likiachana, nyuma ya mfuko halijanata. Kikombe: kipande cha mgongoni kimelowa dakika ya tano, cha nyuma ya mfuko kimekauka mpaka mwisho. Rangi_Baada: uzi umepauka kuliko kitambaa, na ndani ya mkunjo wa mshono rangi ni hafifu wazi.

#17 Rangi_Baada
Nimemaliza.

#18 Kemia_ya_Nguo
Hujamaliza. Pipa la rangi lilichemsha koti zima. Kama lingekuwa ndilo lililoua, nyuma ya mfuko pangekufa pia.

#19 Rangi_Baada
Nyuma ya mfuko rangi na asidi viliingia kidogo, sawasawa na ndani ya mkunjo. Mantiki ile ile.

#20 Kanzu_na_Kote
Na jasho liliingia kidogo. Na msuguano. Na shati la chini. Kila mtu hapa ana mfuko wake wa kifua.

#21 Waya_Mfukoni
Natoka nje ya mada kidogo. Nyinyi mnaulilia utando, kuna walioshona kompyuta. Mwaka 2000 Levi's na Philips walitoa makoti ya ICD+ yenye simu na kichezeo cha muziki, mbunifu akiwa huyo huyo Osti. Kabla ya kufua unachomoa vifaa na waya zote. Mwaka 2017 Levi's tena, safari hii na Google, wakatoa koti la jinzi lenye nyuzi za umeme kwenye pindo la mkono wa kushoto. Unapapasa pindo, simu inabadili wimbo. Dola 350, na lilitajwa kuvumilia mafuo 10 tu. Jinzi linaloogopa beseni! Kilichokuja kuliua wala si fuo, ni programu ya simu kuzimwa. Pindo likabaki pindo.

PU angalau inaoza yenyewe. Koti la waya linaweza kuzimwa na mtu aliye ofisini.

#22 BeloLaKwanza
Hayo yakifika sokoni yatauzwa kama jinzi la kawaida, na mnunuzi hatajua alikosa nini.

#23 MzeeWaPateni
Ndiyo maana nasema kesho iko kwenye pateni. Errolson Hugh, mbunifu wa kampuni ya mavazi ya Acronym, ana mfuko ndani ya mkono wa koti: unashusha mkono, simu inateleza hadi kiganjani. Haina betri, ni pembe ya mfuko na uzito wa simu yenyewe. Ama Issey Miyake, mbunifu wa Japani: nguo za mikunjo, za kiume tangu 2013 kwa jina la Homme Plissé. Nguo inakatwa kubwa mara mbili tatu, inashonwa kwanza, ndipo inabanwa kati ya karatasi na kutiwa joto. Mikunjo inakaa. Inafuliwa, inakauka, haitaki pasi.

#24 Kemia_ya_Nguo
Mzee, umeniletea kemia mlangoni. Mikunjo ile inakaa kwa sababu ni poliesta. Joto linapanga upya minyororo yake, ikipoa inakumbuka umbo. Fanya hivyo kwa pamba tupu, fuo la kwanza mikunjo imekwenda. Na pasi ya moto juu ya poliesta inafuta alichokiandika Miyake.

#25 MzeeWaPateni
Lakini aliyejua akate mara ngapi ndiye fundi.

#26 Kanzu_na_Kote
Turudi kwenye kufua, kuna habari mpya inayohusu makoti yajayo. Matone kuteleza juu ya koti ni kazi ya dawa ya juu, si ya utando. Dawa ya zamani ilikuwa ya jamii ya PFAS, kemikali zenye florini, ilisukuma maji na mafuta. California imezikataza kwenye nguo tangu Januari 2025, makoti ya mvua kali yakapewa nafasi mpaka 2028, na Ufaransa ikafuata Januari 2026. Gore, watengenezaji wa utando wa Gore-Tex, nao walileta utando wao mpya wa polietilini mwaka 2022. Dawa mpya zinasukuma maji, mafuta haziwezi. Kwa hiyo mafuta ya shingo yatazama kwenye kitambaa upesi kuliko zamani, na asiyefua ataona kola inalowa kwanza.

Fua kwa sabuni ya maji kidogo, suuza mara mbili, usitie kabisa dawa ya kulainisha nguo. Likikauka, pitisha pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa cha pamba ili kuamsha dawa.

#27 DadaBobini
Hiyo ya pasi ni kwa koti zima. Kwa la Mkasi itaongeza msiba.

#28 Mkasi_Mkali
Basi nilifanyeje hili?

#29 DadaBobini
Lisilorudi lisirudishwe. Toa utando wote: spiriti, brashi laini, sehemu ndogo ndogo, dirisha wazi, moto mbali. Ng'oa mikanda. Acha nyuma ya mfuko kama kumbukumbu. Utabaki na koti jepesi la upepo, nailoni nzuri, rangi nzuri. Muuzie mtu kwa jina hilo, usimwambie ni la mvua.

#30 BeloLaKwanza
Subiri kabla hujakisafisha kipande cha ushahidi. Kata viwili nyuma ya mfuko.

#31 Mkasi_Mkali
Nimekata vitatu, sentimita 4 kwa 4. Kimoja kwenye kikombe cha maji matupu, kimoja kwenye maji yenye siki kwa ajili ya Rangi_Baada, kimoja kikavu chini ya matofali mawili juu ya bati kwa ajili yako wewe. Nitavipiga selotepu baada ya wiki tatu.

#32 Kanzu_na_Kote
Na cha jasho?

#33 Sindano_Tisa
Cha jasho avae mwenyewe, akishone ndani ya kola.